Mtoto kukaa kiti cha mbele cha gari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha udereva Dar es Salaam. Karibu kila darasa lina mzazi mmoja anayesubiri wenzake waondoke ndipo aniulize habari za mtoto wake na gari. Maswali ni yale yale, na nimeyaweka hapa jinsi yanavyoulizwa. Kama una dakika mbili tu, soma swali la kupakata, kwa sababu hapo ndipo ninapoona watoto wengi wakiwekwa hatarini na watu wanaowapenda.

## Mambo ya kuanzia

Mtoto akiwa na umri gani anaweza kukaa mbele?

Akishatimiza miaka 13, na mkanda wa gari uwe unamkaa sawasawa. Kabla ya hapo kiti chake ni cha nyuma, hata kama mnakwenda dukani tu na kurudi. Miaka 13 ndiyo inayoshauriwa na chama cha madaktari wa watoto wa Marekani na mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo. Nimeishika mimi pia kwa sababu inamaliza ubishi nyumbani: mtoto anajua zamu yake itafika lini, na mjomba akija hawezi kumpa ruhusa ambayo wazazi wamemnyima.

Ila umri peke yake hautoshi. Mkanda hausomi cheti cha kuzaliwa, unapima mwili, na watoto wa miaka 13 hawalingani. Kipimo cha mwili nimekieleza kwenye swali la kiti cha kumwinua mtoto.

Nyuma kuna usalama gani ambao mbele haupo?

Ajali nyingi zinazoua ni za gari kugonga kwa mbele: uso kwa uso, au kuparamia lori lililoharibika barabarani usiku. Ukikaa mbali na pua ya gari, bati linapata nafasi ya kukunjamana kabla nguvu haijakufikia. Aliyekaa mbele ana dashibodi, kioo na eabegi (mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga) karibu na uso wake. Aliyekaa nyuma ana mgongo wa kiti tu. Utafiti uliofanywa Marekani miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto wa hadi miaka 12 waliokaa nyuma walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa zaidi ya theluthi moja.

Lakini nyuma bila mkanda ni nusu ya kazi. Mtoto anayesimama katikati ya viti viwili vya mbele, ameshika viegemeo ili aone barabara, hana kitu cha kumzuia mpaka kioo cha mbele.

Eabegi si imewekwa ili kuokoa watu? Inamdhuru vipi mtoto?

Inaokoa mtu mzima aliyefunga mkanda na kukaa mbali nayo kidogo, angalau sentimita 25. Ilipimwa kwa kifua cha mtu mzima. Gari likigonga, mfuko unajaa gesi na kutoka ndani ya dashibodi kabla hujamaliza kupepesa jicho, kwa kasi inayoweza kupita kilomita 200 kwa saa, kisha unanywea. Ule mfuko laini unaouona kwenye picha ni wa baada ya tukio. Wakati wa kufumuka unapiga kama ngumi.

Sasa mweke mtoto wa miaka 5 pale. Kichwa chake kiko usawa ambao mtu mzima ana kifua. Miguu haifiki chini, kwa hiyo ameteleza hadi ukingoni mwa kiti ili magoti yakunjike, na uso umesogea kwenye dashibodi. Shingo bado ina mifupa ambayo haijakomaa, na inabeba kichwa ambacho ni kikubwa ukilinganisha na kiwiliwili. Mfuko unampiga kidevuni na usoni, na kichwa kinasukumwa nyuma.

Kwa mtoto mchanga aliye kwenye kiti kinachotazama nyuma ni vibaya zaidi, maana mgongo wa kiti chake karibu ugusane na dashibodi. Mfuko unakipiga kiti palepale kichwa kilipoegemea. Kiti cha kutazama nyuma hakiwekwi mbele ya eabegi inayofanya kazi, kwa hali yoyote. Kati ya sheria zote za ukurasa huu, hiyo haina msamaha.

Wamarekani walijifunza hili kwa uchungu. Kati ya 1990 na 2008, zaidi ya watu 290 waliuawa na eabegi za mbele katika ajali za mwendo mdogo. Wengi wao walikuwa abiria, na kati ya abiria hao zaidi ya 9 katika kila 10 walikuwa watoto, wengi hawakufungwa mkanda au walikuwa kwenye viti vinavyotazama nyuma. Hizo zilikuwa ajali ambazo mtu mzima anatoka akitikisa vumbi. Mwendo wa kilomita 20 hivi kwa saa ukigonga kitu kigumu unaweza kutosha kuifumua, na huo ni mwendo wa kwenye foleni.

Na gari lisilo na eabegi kabisa? Basi mbele si salama?

Hatari moja imeondoka, dashibodi na kioo vimebaki. Nyuma bado ni bora.

Nikimpakata mwanangu na kumshika kwa mikono miwili, kuna ubaya gani?

Hili naomba mlisome taratibu.

Gari likiwa kilomita 50 kwa saa na likagonga, walio ndani wanaendelea na kilomita 50 mpaka kitu kiwasimamishe. Ni kama kuanguka kutoka kimo cha mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Mtoto wa kilo 10 kwa wakati huo anavuta kwa nguvu ya kilo 200 hadi 300. Hayo ni magunia mawili au matatu ya mahindi, yanaponyoka mikononi mwako bila kukuonya. Hakuna baba mwenye misuli ya kuyashika, na mapenzi ya mama hayaongezi nguvu za vidole.

Mkiwa mmefungwa mkanda mmoja, wewe na yeye, mambo yanaharibika zaidi: mwili wako wote unamsukuma kwenye mkanda, naye anakuwa mto wako. Kama hujafunga mkanda kabisa, unambana kwenye dashibodi. Mtoto aliyefungwa kanga mgongoni wakati mama ameegemea kiti, au kifuani, yuko katika hali hiyohiyo. Kanga imefumwa kwa ajili ya mwendo wa miguu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa naendesha, dada yangu kampakata mwanawe kiti cha mbele. Bodaboda ikakatiza, nikakanyaga breki. Hatukugonga kitu, na mwendo haukufika kilomita 30. Mtoto aliponyoka mikononi kama sabuni, mdomo ukapiga ukingo wa dashibodi. Meno mawili ya mbele yalibaki kwenye zulia la gari. Dada yangu aliyaokota, akayafunga kwenye pindo la kanga, na njia nzima hatukusemeshana. Yalikuwa ya utoto, yakaota mengine. Lakini tangu siku hiyo gari langu haliwashwi kama kuna mtoto amepakatwa, hata mgeni akinuna.

Bibi yake anasema atampakata, na siwezi kubishana naye. Nifanyeje?

Mpe bibi kiti cha mbele kwa heshima yake, kwani kwetu mbele ni pa mkubwa, na mila hiyo inatusaidia sana hapa. Mtoto akae nyuma. Kama bibi anataka kuwa karibu na mjukuu, wakae wote nyuma, kila mmoja na mkanda wake, wakishikana mikono. Nimeona "Shikamoo mama, daktari ametuagiza hivi" ikifanya kazi palipo na mabishano ya miezi. Mwombe daktari wa kliniki aseme, atasema.

## Gari lenyewe

Gari langu ni la mtumba kutoka Japani. Nitajuaje kama upande wa abiria una eabegi?

Tazama dashibodi upande wa kushoto, juu ya droo. Ukiona herufi SRS au maandishi ya eabegi yamechongwa kwenye plastiki, ipo, au ilikuwepo. Kisha shusha kizuia jua cha abiria. Huko kuna kibandiko, mara nyingi cha Kijapani, chenye picha ya kiti cha mtoto na alama nyekundu ya kukataza. Huhitaji kujua Kijapani kuielewa ile picha.

Hatua ya pili ni taa. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ndogo ya mtu aliyekaa mbele ya duara inatakiwa iwake sekunde chache, halafu izime. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, usifurahi. Kuna magari yaliyogongwa, eabegi zikafumuka, yakatengenezwa kwa kuziba kifuniko na kukata taa ili mnunuzi asijue. Lipeleke gari kwa fundi wa umeme wa magari mwenye mashine ya kupima.

Naweza kuizima ili mtoto akae mbele?

Baadhi ya magari, hasa ya Ulaya na pikapu za viti vya mbele tu, yana swichi ya ufunguo ubavuni mwa dashibodi, na taa inayoonyesha kwamba eabegi ya abiria imezimwa. Magari mengi madogo ya Kijapani tunayotumia hayana. Usimruhusu fundi akate nyaya. Mfumo wote unaweza kuharibika, pamoja na eabegi ya dereva na vivuta mikanda, na anayechokoa bila ujuzi anaweza kuifumua usoni pake.

Kama swichi ipo na umeizima, kumbuka kuiwasha mtu mzima akikaa pale.

Habari za eabegi za Takata zinatuhusu sisi?

Zinatuhusu, na watu wa pwani zaidi. Takata ilikuwa kampuni ya Kijapani iliyotengeneza eabegi za magari ya makampuni mengi, Toyota, Honda na Nissan yakiwemo. Kemikali iliyotumika kuzalisha gesi inaharibika ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu. Siku ya ajali inalipuka kupita kiasi, kopo lake la chuma linapasuka, na vipande vinaruka kwa aliyekaa mbele. Makumi ya mamilioni ya magari duniani yaliitwa yarudishwe kubadilishiwa, na kampuni ikafilisika mwaka 2017.

Joto na unyevu wa miaka mingi: soma tena maneno hayo ukiwa Tanga, Mombasa au Kigamboni. Gari linaweza kuwa liliitwa Japani na mwenye nalo hakulipeleka, kisha likauzwa huku. Chukua namba ya chasisi, ile inayoanza na herufi za modeli kama NCP61 kwa IST, ukaitazame kwenye tovuti ya mtengenezaji au kwa wakala wake. Kama imo kwenye orodha, hata mtu mzima asikae mbele ya eabegi hiyo mpaka ibadilishwe.

Mikanda ya nyuma haionekani. Gari halina?

Karibu hakika ipo. Magari haya yalitoka kiwandani nayo. Kinachotokea ni kwamba tukinunua gari tunavalisha kava za viti, na sehemu za kuchomekea mikanda zinazama chini ya kava na kubaki huko miaka. Niliwahi kupandisha kiti cha nyuma cha gari la mwanafunzi wangu, tukakuta vichomekeo vitatu, sarafu, ganda la ndizi lililokauka na kalamu ya rangi. Vichomekeo vilikuwa vipya kabisa, havijawahi kutumika.

Vua kava au uzitoboe palipo na kichomekeo, zishonwe ukingo. Vuta mkanda wote mpaka mwisho uangalie kama umechanika au kuliwa na panya. Uachie, ujirudishe wenyewe. Kisha uvute ghafla: lazima ukamate. Usipokamata, badilisha. Bei ya mkanda kwa wauza vipuri haifanani na bei ya kitu kingine chochote unachoweza kupoteza nyuma pale.

Na ukiegesha juani, Dodoma au popote, funika vichomekeo kwa kanga. Chuma cha moto kikimgusa paja mara moja, mtoto atakataa mkanda mwezi mzima, na ana haki.

## Viti vya watoto

Mtoto mchanga anakaaje tukitoka naye hospitali?

Kwenye kiti chake kinachotazama nyuma, kikifungwa kiti cha nyuma cha gari. Ukilala chali ukipokea kishindo, mgongo wote unakigawana, shingo haibebi peke yake. Wazo hilo lilitoka kwa Msweden Bertil Aldman. Aliona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa migongo ikipokea nguvu ya roketi, na mwaka 1964 akajaribu kiti cha mtoto cha namna hiyo kwenye gari la Volvo.

Kiti kiwe kimelala kiasi kwamba kidevu hakiangukii kifuani, maana mchanga akikunja shingo hewa inaziba. Safari ikiwa ndefu, simama mara kwa mara umtoe, umnyooshe, umnyonyeshe. Usimnyonyeshe gari likitembea.

Nimgeuze atazame mbele lini?

Chelewesha kadiri kiti chenyewe kinavyoruhusu. Kanuni ya Umoja wa Mataifa iitwayo R129 inataka atazame nyuma angalau mpaka miezi 15. Sweden wanawaacha mpaka kama miaka 4. Miguu ikigusa kiti cha gari siyo sababu ya kumgeuza: watoto wanaikunja na hawalalamiki, tunaolalamika ni sisi. Sababu ya kumgeuza ni kupita uzito au urefu ulioandikwa kwenye kibandiko cha kiti, au kichwa kufika ukingo wa juu.

Kiti cha kumwinua mtoto ni mpaka lini? Mto wa kitandani hautoshi?

Kiti cha kumwinua kinamfaa aliyeshakizidi kile cha mikanda yake mwenyewe, mpaka afike kama sentimita 145. Wengi hufika hapo kati ya miaka 8 na 12. Kazi yake ni kuwezesha mkanda wa gari upite mahali pa mfupa.

Mkalishe bila hicho kiti umtazame. Mgongo uguse kiegemeo mpaka chini. Magoti yakunjike ukingoni mwa kiti. Mkanda wa chini ulale juu ya mapaja, ukigusa nyonga, usipande tumboni. Wa juu upite katikati ya bega, juu ya mtulinga, usikate shingo. Halafu aweze kukaa hivyo safari nzima, hata akisinzia. Likikosekana moja, bado anahitaji kiti. Mkanda uliopanda tumboni unakata utumbo na unaweza kuumiza uti wa mgongo, na jeraha la ndani halionekani pale barabarani. Wazazi wanashukuru Mungu "hana hata mkwaruzo", kumbe.

Mto wa kitandani unabonyea na kuteleza. Mtoto anachomoka chini ya mkanda pamoja nao.

Usimruhusu pia aupitishe mkanda wa juu chini ya kwapa au nyuma ya mgongo kwa sababu unamkera. Ukimkera shingoni, maana yake bado ni mfupi.

Viti vya mtumba ni salama?

Vingine ni salama, vingine ni plastiki tu yenye umbo la kiti. Tafuta kibandiko cha rangi ya chungwa chenye R44 au R129, kinachoonyesha kimepita kipimo. Geuza kiti juu chini utafute tarehe ya kutengenezwa. Vingi vinadumu miaka 6 hadi 10, kisha plastiki inakuwa kavu na kuvunjika kirahisi. Angalia nyufa, na alama nyeupe mahali plastiki ilipojikunja. Kamba zikiwa zimekatwa na kushonwa upya na fundi cherehani, kiache. Muulize muuzaji kama kiliwahi kuwa ndani ya ajali, ingawa mara nyingi naye hajui, na hapo ndipo ninapopenda zaidi kiti cha jamaa unayemfahamu kuliko cha sokoni.

Nitajuaje nimekifunga barabara?

Weka goti ndani ya kiti, kandamiza kwa uzito wako, halafu vuta mkanda wa gari mpaka uishe. Shika kiti pale mkanda unapopita, tikisa. Kisicheze zaidi ya sentimita 2 na nusu. Gari lenye vyuma vya Isofix, yaani vya kushikilia kiti cha mtoto, kwenye maungio ya kiti linarahisisha kazi hii, kiti kinaingia na kusikika "tak".

Kwa mtoto mwenyewe, jaribu kufinya kamba begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo, imelegea. Watu wa Njombe, Mbeya na Nairobi: mwezi wa Julai mvueni koti zito kabla ya kumfunga, kisha mmfunike kwa juu. Koti linabonyea kwenye ajali na kuacha nafasi ambayo hukuiona.

## Sheria

Trafiki atanikamata mtoto akiwa mbele?

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ni ya mwaka 1973. Ilipotungwa haikuzungumzia viti vya watoto, na magari ya wakati ule hayakuwa na eabegi. Kwa kawaida trafiki anaangalia mkanda wa dereva na abiria wa mbele. Kenya, kanuni za 2003 zinazoitwa na wengi sheria za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, ziliingiza mikanda hata kwenye matatu. Katika nchi zote mbili unaweza kupita vizuizi vyote kutoka Mwanza mpaka Mtwara, au Kisumu mpaka Lamu, umempakata mtoto na askari akakutakia safari njema. Usipime usalama wa mwanao kwa kukamatwa au kutokukamatwa.

Naenda kuishi nje. Kanuni zao ni zipi?

Falme za Kiarabu: aliye chini ya miaka 10, au mwenye urefu chini ya sentimita 145, hakai mbele, na wa chini ya miaka 4 lazima awe na kiti chake. Ufaransa: chini ya miaka 10 ni nyuma, isipokuwa kwa hali chache kama gari kutokuwa na viti vya nyuma. Uingereza: mbele hakukatazwi, ila kiti cha mtoto ni lazima mpaka atimize miaka 12 au afike sentimita 135, lolote litakalotangulia, na kiti cha kutazama nyuma hakiwekwi mbele ya eabegi iliyo hai. Ujerumani ni miaka 12 au sentimita 150. Sweden, mwenye urefu chini ya sentimita 140 hakai mbele ya eabegi inayofanya kazi. Marekani kila jimbo lina lake.

Unapokodi gari uwanja wa ndege, agiza kiti mapema. Wengi wetu tunafika na watoto watatu usiku wa manane, ndipo tunakumbuka.

## Hali ngumu

Ninalo pikapu, au kirikuu, halina viti vya nyuma. Mtoto akae wapi?

Mbele, maana nyuma kwenye bodi siyo kiti. Kama kuna eabegi yenye swichi, izime. Kama haina swichi, mtoto wa kiti cha kutazama nyuma asipande gari hilo. Wakubwa kidogo: sukuma kiti nyuma mpaka mwisho, mgongo wa kiti uwe wima, mtoto kwenye kiti chake kinachotazama mbele au cha kumwinua, mkanda wa bega umefungwa, aegemee muda wote.

Watoto ni wanne na mikanda ya nyuma ni mitatu.

Usifunge wawili mkanda mmoja, vichwa vyao vitagongana. Aliye mkubwa zaidi kwa kimo, anayefaulu vipimo vya swali la kiti cha kumwinua, ndiye anayekwenda mbele, kiti kikiwa kimesukumwa nyuma. Usimpeleke mdogo kwa sababu ndiye anayelia. Kama hakuna anayefaulu, nenda mara mbili. Najua mafuta yamepanda.

Nafasi ya katikati nyuma ni nzuri kama ina mkanda wa bega. Magari ya zamani yana wa kiunoni tu pale, na huo haumfai mtoto wa kiti cha kumwinua.

Naendesha peke yangu na mtoto analia nyuma. Si bora awe mbele nimwone?

Kilio kinaumiza, hasa cha mchanga. Lakini ukimweka mbele utamtazama yeye, siyo barabara. Washa taa ya pembeni, toka barabarani, simama, mhudumie, endelea. Kwa wanaotapika, wakae katikati nyuma waone mbele, dirisha liwe wazi kidogo, na wasichezee simu.

Kwenye daladala, matatu au teksi?

Teksi za kuita kwa simu: kaa naye nyuma na umwambie dereva kabla hajafika kwamba unahitaji mikanda ifanye kazi. Wengi wanaitoa wakijua abiria anaijali. Kiti chepesi cha kumwinua kinabebeka begani.

Daladala ni pagumu, sitakudanganya. Kataa kile kiti cha katikati mbele, kati yako na gia, na usikubali konda akuambie "mama pakata hapa mbele". Chagua katikati ya gari, mtoto akae upande wa ndani. Kama kuna mkanda, mfunge yeye kwanza. Kama gari limejaa na linakimbia, shuka. Nauli utakayopoteza ni ndogo.

Mwanangu ana miaka 10 na ni mrefu kuliko mama yake. Na binti wa 14 ni mfupi.

Mrefu wa miaka 10: mkanda wa gari unamfaa bila kiti, lakini abaki nyuma. Mifupa ya nyonga na kifua bado ni ya mtoto, na wa umri huo hakai ametulia, anainama kuokota kitu dakika ile ile. Binti wa miaka 14: kama mkanda unakata shingo yake, akae nyuma kwenye kiti cha kumwinua bila aibu. Mwambie hata dereva mfupi anaongezewa kiti.

Tuligongwa kidogo, mtoto hakuumia. Kiti kitumike tena?

Kama gari liliweza kuondoka lenyewe, mlango ulio karibu na kiti haukuharibika, hakuna aliyeumia, eabegi hazikufumuka, na kiti hakina ufa, kinaweza kuendelea. Likikosekana moja kati ya hayo, kiti kimemaliza kazi yake. Kata kamba zake kwa mkasi kabla ya kukitupa, ili mtu asikiokote jalalani akamwekee mwanawe.